Mwanamke Anayepiga Pasi

Jumapili, 3 Mei

Hujambo, daftari? U mzima? Mimi mzima wa mwili, Mungu ashukuriwe, ila kifua kimejaa. Shuleni tulifundishwa usimwage shida zako kabla hujamjulia mtu hali. Haya, nimekujulia. Sasa sikiliza.

Leo baada ya ibada kamati ya ukumbi ilikaa. Jumamosi vijana watasoma michezo yao mifupi ukumbini kwetu — michezo mitano, mipya kabisa, haijaonekana popote. Mmoja ni wa Chiriku! Binti wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea mimi. Mchana anauza vitabu vya shule, jioni anajifungia anaandika. Mimi nilidhani anaandika barua za kuomba kazi.

Na mimi nimepewa kazi. Kwenye usomaji huu hakuna mapazia wala mapambo. Waigizaji wanashika karatasi mkononi, na mtu mmoja anakaa pembeni kusoma vitendo kwa sauti: anaingia, anakaa, anafunga mlango. Wakasema sauti yangu ya kusoma Neno inafaa. Nikafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Halafu nikausoma huo mchezo wa Chiriku.

Jamani! Mume karudi baada ya kupotea miaka. Mke anapiga pasi. Mume anaongea — anaomba radhi, anajitetea, anaanza upya. Mke anapiga pasi. Sketi, shuka, shati. Mume anaishiwa maneno. Mke anachomoa pasi. Kimya. Kisha anasema: "Umekula?" Taa zinazimwa.

Basi! Kamsamehe? Hajamsamehe? Hata dua hakuna! Nimelisha mtoto miaka yote hii aje kuniandikia kitu kisicho na mkia.

Jumatatu, 4 Mei

Nimembana jikoni. Nikamwambia mchezo wako haujaisha. Akasema umeisha, Mama Mkubwa. Nikamwambia basi huyo mke aseme neno.

"Ungependa aseme nini?"

"Aseme lolote! Wewe uliyekuwa hunyamazi hata ukiwa na homa, leo unaniandikia mwanamke bubu?"

Akacheka. "Si bubu. Anapiga pasi."

Majibu gani hayo? Mzee wangu naye, mume wangu fundi friji ambaye hajawahi kukaa kwenye mchezo wowote maisha yake yote, akadakia toka sebuleni: "Mwacheni mama wa watu amalize nguo zake!" Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Baadaye kidogo nilicheka, lakini peke yangu, bafuni.

Jumanne, 5 Mei

Mwenyekiti wa kamati kaniita ofisini kwake. Ni mwalimu mkuu mstaafu, na bado anatusemesha kama tumepanga mstari asubuhi. Kasema mchezo wa binti yako ni mzuri, umekosa funzo tu. Kauongezea ukurasa, kauandika mwenyewe. Mke anaweka pasi chini na kusema: "Mume wangu, leo nimetambua kwamba msamaha ni nguzo ya familia na jamii kwa ujumla." Wanapiga magoti. Mume anawageukia vijana ukumbini na kuwaasa.

Nikaona si vibaya. Nikasema sawa, Mwenyekiti.

Jumatano, 6 Mei

Sijui nianzie wapi.

Leo tulifanya mazoezi. Mke ni nesi wa zahanati, bado amevaa sare yake. Mume ni kinyozi wa pale kona. Meza, pasi ya kweli, kapu la nguo. Ukurasa wa Mwenyekiti ulikuwa haujafika, tukasoma ule wa Chiriku mpaka mwisho. Nami nikaanza kazi yangu. Anatandaza shuka. Anakunja shuka. Anachukua shati. Anageuza kola.

Hapo nikakwama. Kola! Shati la kiume! Katika nyumba ambayo mwanamume hajakanyaga miaka! Nilikuwa nimelisoma nyumbani mara mbili sikuliona. Unaposoma kwa sauti, pole pole, mwanamke wa watu anageuza kola mbele ya macho yako — unaliona. Na mume naye kaliona. Kinyozi alikuwa katikati ya maneno yake ya kujitetea, akaliangalia lile shati, sauti ikamfia. Mchezo hausemi la nani. Hausemi popote!

Nikasoma: Anachomoa pasi. Kimya.

Nesi alisimama tu, mkono juu ya lile shati. Nikasikia feni. Nikasikia mtu anafagia nje. Aliposema "Umekula?" midomo yangu ilifunguka yenyewe, nikataka kujibu mimi. Namwambia Mungu ukweli, nilitaka kusema sijala.

Tulipomaliza wakaanza kubishana. Nesi anasema shati ni la mumewe, kamtunzia miaka yote. Kinyozi anasema weee, hilo ni la bwana mwingine, mwanamke hawezi kupiga pasi shati la mtu aliyepotea. "Ndiyo maana huoi," Nesi akamwambia. Chiriku kakaa kwenye ngazi, kimya, uso unang'aa. Sijamwona hivyo tangu mama yake yupo hai.

Ndipo Mwenyekiti akaingia na ukurasa wake. Akagawa. Akasema tuusome. Nesi alifika kwenye "jamii kwa ujumla" akawa anasoma kama tangazo la maji kukatika. Shati likasahaulika mezani. Hakuna aliyelitazama tena!

Chiriku akauliza, kwa adabu kabisa, nani kaandika hii. Mwenyekiti akamjibu kwamba mwandishi chipukizi lazima anyooshwe mapema, na kwamba mama yake mkubwa ameshakubali.

Mtoto alinitazama. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Alhamisi, 7 Mei

Hakulala nyumbani. Yuko kwa Nesi. Simu hapokei.

Nimekwenda kwa Mwenyekiti. Nilijiambia njiani nizungumze kwa upole. Upole ukaishia mlangoni.

Nikamwambia nilikubali kabla sijausikia, sasa nimeusikia, nimekataa. Akasema, "Mama, watu watatoka ukumbini na nini?"

"Watatoka na swali."

"Maswali wanayo majumbani kwao."

Nikamuuliza mbona ule mchezo mwingine, wa mwizi aliyejificha kabatini, hakuugusa hata herufi. Akasema ule mwishoni mwizi anakamatwa. Unaona! Mwizi ana haki ya kubaki alivyoandikwa, mwanamke mwenye pasi hana!

Akaleta habari za imani, kwamba ukumbi ni wa kanisa na mchezo usio na dua ndani yake hauna Mungu. Mimi huyo! Mimi ninayeamka kuomba kabla ya jogoo na jirani! Nikamwambia Mwenyekiti, tangu nianze kuomba Mungu hajawahi kunihutubia. Ninasema, ninalia, ninajitetea, naanza upya. Yeye kimya. Na bado nikiinuka pale najua nimesikiwa. Wewe ukiomba unajibiwa na ukurasa mzima?

Akaniambia nimepandwa na jazba, nikanywe maji. Maji! Ukurasa wake usomwe, la sivyo mchezo utolewe, na hiyo ndiyo kauli yake.

Nimerudi nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Ijumaa, 8 Mei

Nesi kapita asubuhi. Chiriku kamwambia kesho haji. Kasema watumie ukurasa wowote wanaotaka lakini jina lake litolewe, na kwamba yeye na kuandika basi, atauza vya wenzake. Nesi anasema halii. Hilo ndilo linaloniumiza. Mtoto yule akilia najua pa kumshika.

Na ni mimi niliyesema sawa, Mwenyekiti.

Chakula cha mchana. Mzee wangu kaweka kijiko chini ghafla.

"Hivi yule bwana, alikula au hakula?"

"Bwana gani?"

"Wa pasi." Kumbe nilipomsimulia juzi alikuwa anasikiliza! Nikamwambia hatujui, mchezo unaishia hapo. Akaguna. Kaenda kwenye friji la mteja, bisibisi inazunguka, mara karudi. "Na lile shati ni lake. Nakwambia mimi. Wanawake mnatunza vitu."

"Kinyozi anasema la mwingine."

"Kinyozi mjinga!"

Kakasirika kweli, daftari. Mtu ambaye kwake hadithi ni habari za mpira tu! Siku nzima anamfikiria mwanamume asiyekuwepo kama kala. Mwenyekiti aje aniambie mchezo huu hauna kitu cha kutoka nacho.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika nikiwa kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa, katikati ya majoho ya kwaya. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama. Michezo miwili imeshasomwa. Wa kwanza ni walinzi wawili wanaogombania kiti kimoja — nimesoma vitendo huku nikijiuma mdomo nisicheke. Wa pili ni msichana anayempigia marehemu baba yake simu ili asikie tu ile sauti ya kusema namba haipatikani. Mama mmoja mstari wa mbele aliinama akajifuta kwa kitenge. Wameandika watoto hawa! Hawa hawa tunaowakemea wasikae barazani!

Wa Chiriku ni wa nne. Ninazo karatasi zote mbili, yake na ya Mwenyekiti.

Nesi kaninong'oneza: "Mama, mimi na Kinyozi tunafuata sauti yako. Ukisoma taa zinazimwa, tunanyamaza. Ukigeuza ukurasa, tutasoma." Kwa hiyo ni mimi. Hakuna mwingine.

Mwenyekiti naye kachungulia sasa hivi. "Ukurasa wangu unao, Mama?" Nikasema ninao. Sikudanganya. Najua kesho kwenye ibada atampa mtu mwingine kusoma Neno, na hilo litaniuma kuliko anavyodhani, kwa kuwa ndicho kitu pekee ninachofanya mbele za watu bila kuogopa. Na aniondoe! Lakini sitaki kuusoma mchezo wa mtu mbele ya kiti chake kitupu.

Wananiita kwa wa tatu, wa mwizi na kabati. Ni mrefu kidogo, ashukuriwe Mungu. Nimemtumia ujumbe huu, naunakili hapa:

"Chiriku mwanangu, hujambo? Umeamkaje huko? Sisi wazima. Mzee wako amevaa tai, amekaa mstari wa pili, anataka kujua shati la nani. Nilikubali kitu ambacho si changu, nisamehe. Leo nitasoma mpaka taa zinazimwa, kisha nafunga karatasi, liwalo na liwe. Kutoka kwa Nesi mpaka hapa ni mwendo mfupi. Mlango wa nyuma nimeuacha wazi. Nijibu upesi, nisije nikaanza wewe hupo."