Sosi ya Siki Uliyoondoka Nayo

Mpendwa Baba Anjela,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na wa kumkasirikia ni wewe. Najua marehemu hajibu, lakini nimechoka kugombana na sufuria.

Ulipohamishiwa Newala kuwa bwana mifugo, ulikuwa hujawahi hata kuonja bibo, tunda la mkorosho. Ulikuja kwetu Kitangari kutazama nguruwe wa baba, ukamkuta mama anataka kumwaga pombe yake ya mabibo, ule uraka, kwa sababu ulikuwa umechacha. Ukamzuia. Ukaliomba lile dumu, mama akakupa huku akiniuliza kwa Kimakonde kama huyu mgeni ana akili timamu. Baada ya miezi kadhaa ule uraka ukawa siki safi, kali, na wewe ukawa mkwe.

Tulipohamia Masasi ukapasua pipa ukalifanya jiko la moshi, ukaanza kukausha nyama ya nguruwe jioni baada ya kazi, kwa moshi wa kuni za mkorosho, taratibu, mpaka nyama inachambuka kwa vidole. Siki niliitengeneza mimi kila msimu. Kukamua mabibo, kuchuja, kungoja, yote mimi. Lakini kila siku ya kupika sosi ya kuchovya nyama hiyo ulinitoa jikoni. "Utaonja ikiiva, Mama Anjela," ulisema, ukafunga mlango. Mimi nikawa nacheka tu nje. Niliona ni utani wa mtu na mkewe.

Kisha presha ikakuangusha. Hospitalini nilikaa kando ya kitanda chako swali likiwa mdomoni, nikaona aibu. Dada zako walikuwepo, wangesema mume yuko taabani na mke anauliza habari za sosi. Walipotoka kwenda kununua chai nikakuuliza kwa sauti ya chini unatia nini mle ndani. Ukatabasamu. "Nikirudi nyumbani nitakuonyesha."

Hukurudi. Nami nikahama Masasi, nikarudi huku Kitangari kwa mama.

Sasa Anjela amepata mchumba, mwalimu anayefundisha Chiwata. Sikuwa na neno juu ya kijana. Tatizo likawa sendofu, sherehe ya kumuaga binti. Mwanao alisema hataki keki wala mbuzi mzima aliyepambwa, anataka nyama ya baba yake na sosi ya baba yake. Nikamkubalia, ningemwambia nini?

Nilianza na siki, pilipili kichaa, kitunguu saumu na chumvi. Ikachoma koo hadi mama akatoka nje kukohoa. Nikaongeza sukari, ikawa kama juisi. Nikabadili, nikatia sukari guru, pilipili manga na nyanya kidogo, nikaichemsha hadi ikapungua, nikaona hapa nimefika. Nikamwita mdogo wako Fidelis aonje. Alichovya kipande cha nyama, akatafuna huku amefumba macho.

"Shemeji, kuna kitu kimekosekana."

Nikamuuliza kitu gani. Akasema hajui, ila kimekosekana. Nilitamani kumpiga na upawa. Kila sufuria niliyoharibu ilitaka kuoshwa, na maji ya huku unajua yanavyopatikana. Nilisugua huku nakusema peke yangu, mama akadhani nimepata wazimu.

Siku ya sendofu nikapeleka ileile ya mwisho, maana hakukuwa na nyingine. Watu wakala. Hakuna aliyelalamika, na Fidelis alirudi na bakuli, akarudi tena, bado anasema kuna kitu kimekosekana. Mshereheshaji alipochukua kipaza sauti kutangaza chakula cha kumkumbuka baba mzazi, Anjela akanivuta kitenge.

"Mama, naomba asiseme ni ya baba. Aseme ni yako."

Mpaka leo sijui alinisifu au alinionea huruma, na uso wake haukuniambia. Nilikwenda nyuma ya turubai nikalia kwa hasira, Baba Anjela, si kwa huzuni. Huzuni nimeshaizoea. Nilikuwa nimemwahidi mtoto kitu kimoja cha kwako, nikashindwa kumpa, wakati siki ni yangu, sufuria ni yangu, na wewe nilikuwa nawe miaka yote hiyo nyuma ya mlango mmoja.

Watu wananiambia nikusamehe, ni sosi tu. Wao hawakukuuliza wakaambiwa wasubiri. Ulijua hali yako, ninaamini ulijua. Kama ulitaka kuondoka na siri yako, basi ungenidanganya. Ungetaja chochote, jani la mti, maji ya ndimu, majivu ya jikoni. Ningekitia kila siku, na kila nikionja ningesema, ndiyo, ni yenyewe.

Pumzika wewe. Mimi bado niko jikoni.

Mkeo,
Mama Anjela