Zamu ya Mama Gaudence

Jumatano, 3 Septemba

Shirika letu, jumuiya ndogo ya kanisa, limesali kwa Mama Riziki leo. Watu tisa. Zamani jamaa za avenyu yetu, mtaa huu wote, zilijaza nyumba mpaka wengine wakakaa nje na kusikiliza kwenye dirisha. Sasa wako Bukavu, wako Uganda, wengine sijui wako wapi.

Kama kawaida. Wimbo, Injili, kila mutu akasema neno lililomgusa. Mimi halikunigusa neno lolote. Nilikuwa nawaza masomo yanayofunguliwa shuleni kwetu, na chaki ambayo hatuna.

Mwishoni Papa Kasereka, anayetuongoza, akatangaza: Jumatano ijayo tutasali kwake mwenyewe. Zamu ilikuwa ya Mama Gaudence. Baada ya Mama Riziki ni Mama Gaudence, miaka yote. Na mama mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, mbele yake. Akafunga kitabu cha nyimbo polepole. Akaangalia miguu yake.

Hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza.

Alhamisi, 4 Septemba

Sababu naijua. Wote tunaijua.

Mama Gaudence na mume wake, Muzee Faustin, walitoka Masisi wakaacha ng'ombe huko. Walifika huku Keshero kabla yangu mimi niliyetoka Bukavu. Nyumbani wanaongea Kinyarwanda. Miaka yote hiyo haikuwa kitu. Mwaka huu, tangu wenye bunduki wanaoongea lugha hiyo walipoingia Goma, imekuwa kitu. Waliishi na mutoto wa dada yake Mama Gaudence, Janvier. Mwezi wa tano watu walimuona juu ya gari lao, ameshika bunduki.

Na Élie, kijana wa Papa Kasereka, alichukuliwa na hao hao barabarani karibu na Katindo. Alikuwa ametoka kununua makala ya kupikia. Miezi saba. Hakuna habari, hakuna mwili.

Papa Kasereka ni mutu mwema. Alibeba jeneza la mume wangu. Hamtukani mutu. Lakini hawezi tena kuingia katika nyumba ile. Namuelewa. Na nimemkasirikia. Vyote viwili.

Mume wangu alipokufa, Mama Gaudence alikaa kwangu siku tisa. Alinipikia. Aliniogesha maji ya moto kama mutoto, maana sikuweza kuinua mikono. Na jana nilinyamaza.

Jumapili, 7 Septemba

Misa. Wakati wa kupeana amani Mama Gaudence alinyoosha mkono kwa Mama Riziki. Mama Riziki akaingiza mikono yake ndani ya kitenge, kama mutu anayesikia baridi. Ule mkono ukabaki hewani. Nikaushika mimi. Haraka.

Lakini kwanza niliangalia kama kuna anayenitazama. Hilo ndilo linalonitia aibu.

Jumatano, 10 Septemba

Kwa Papa Kasereka. Mama Gaudence alikuja. Sikutegemea. Alimwacha mume wake nyumbani, akakaa karibu na mlango.

Injili ikasomwa. Ukafika wakati wa kila mutu kusema neno. Papa Kasereka akaweka kitabu chini.

"Mama Gaudence. Janvier iko wapi?"

"Sijui, papa."

"Unajua. Ni mutoto wako."

"Walimukamata njiani, papa. Kwa nguvu, na kamba. Walimuvalisha manguo yao. Tangu ile siku sijamuona. Mimi pia nangojea, sawa weye."

"Usiseme sawa mimi." Sauti yake ikakatika. "Usiseme vile mu nyumba yangu."

Chumbani mke wake akaanza kulia. Tulimsikia wote. Mama Gaudence akasimama. Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani. Akatuaga mmoja mmoja, kwa jina. Mimi alinitaja wa mwisho: "Bakia na amani, Mwalimu." Akatoka.

Tukamalizia na Baba Yetu. Tuliisema yote, mpaka mwisho.

Jumapili, 14 Septemba

Mama Gaudence hakuja misani. Wala Muzee Faustin.

Jumatano, 17 Septemba

Shirika kwa Papa Zihindula. Watu saba. Mvua. Tuliimba vibaya, kila mutu na sauti yake. Mama Gaudence ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo. Hakuna aliyemtaja.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya masomo nilikwenda kumuona padri. Nilimweleza yote. Nilifikiri atakuja, atatukalisha wote, atasema neno.

Akaniuliza: "Mwalimu, umeshafika kwake?"

"Bado, padri."

"Kutoka kwako mpaka kwake ni dakika ngapi?"

"Tano."

"Na mpaka hapa kwangu?"

Ni karibu saa nzima kwa miguu, na jua. Hakunigombeza. Alisema atapita wiki ijayo, lakini nisimngojee. Shirika ni sisi, alisema, yeye ni mgeni tu tunayemwalika.

Nilirudi nikipanga kuingia kwa Mama Gaudence moja kwa moja. Mbele ya ua wake majirani wawili walikuwa wamesimama wakiongea. Waliniangalia. Nikawasalimu, nikapita.

Mimi ni mwoga. Nimeandika, basi.

Jumanne, 23 Septemba

Saa kumi nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikasikia fimbo kwenye ukuta wa mawe huko nje. Fimbo ile naijua. Muzee Faustin haoni tangu miaka sita. Anatembea kwa kugusa kuta za watu. Hajawahi kufika kwangu peke yake, siku zote mke wake alimshika mkono.

Fimbo ikafika kwenye mlango wangu. Akabisha.

"Mwalimu? Mwalimu, uko?"

Niliweka biki juu ya meza taratibu ili isitoe sauti. Mke wa jirani alikuwa anafua nje, anaona kila kitu. Kesho avenyu nzima ingesema kwamba kwangu watu wale wanapokelewa. Nilifikiri hivyo. Nilifikiri pia: atarudi, nitamfungulia wakati hakuna mutu.

Akabisha tena. Akangojea. Halafu fimbo ikaanza kurudi njia ile ile. Polepole sana. Jiwe kwa jiwe.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mutu ninayeweza kumwambia.

Jumatano, 24 Septemba

Sikulala. Nilikwenda mapema, mbele ya masomo. Sikuangalia nani yuko njiani.

Mama Gaudence kitandani. Homa, siku ya tisa. Midomo imepasuka. Aliniangalia bila kunijua. Jikoni majivu ya baridi, sufuria tupu. Muzee Faustin amekaa chini, ameshika mguu wa mke wake kwa mikono miwili.

Hakuniuliza jana nilikuwa wapi. Alisema tu: "Aksanti kuja, Mwalimu."

Niliita mwenye pikipiki. Tukamweka Mama Gaudence katikati yetu, kichwa chake kwenye bega langu, mpaka kituo cha afya. Alikuwa mwepesi. Mwili ule ulioninyanyua mimi.

Malaria kali. Damu imepungua sana. Muuguzi alisema: "Mungemuleta mapema." Mungemuleta. Hakusema ungemuleta.

Jioni shirika lilikutana kwa Mama Riziki, maana hakuna aliyekubali zamu. Sikwenda kusali. Nilisimama mlangoni na viatu vyenye matope, nikasema: "Mama Gaudence anakufa, na sisi tunaimba." Sauti yangu ilitoka mbaya. Nikamwambia Mama Riziki: nilimsikia Muzee jana, sikumfungulia. Hapana, sikusema hivyo. Nilitaka kusema. Nilisema tu anakufa.

Mama Riziki akatafuta viatu vyake, akanifuata. Papa Kasereka alibaki na kitabu juu ya magoti.

Alhamisi, 25 Septemba

Tunapokezana, Mama Riziki na mimi. Uji hauingii. Saa nane alifungua macho, akanitambua.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

Basi. Nilikuwa na maneno mengi, nikayameza. Mama Riziki alikuwa anampaka mafuta miguuni, vidole kimoja kimoja, machozi yanaangukia kitenge chake. Mama Gaudence alimwacha amguse. Sijui kama alijua ni nani.

Ijumaa, 26 Septemba

Amekufa. Saa nne asubuhi. Nilikuwa darasani nafundisha kugawanya. Mama Riziki alikuja akasimama kwenye dirisha. Niliwaambia watoto wafunge madaftari.

Jumamosi, 27 Septemba

Kilio uani kwake. Kwa kawaida mutu wa shirika akifa, wanawake wanapika, wanaume wanakwenda kuchimba, vijana wanatafuta viti na turubai. Hakuna wa kupanga, kila mutu anajua kazi yake. Leo tulikuwa wanawake wanne. Majirani walipita njiani wakipunguza sauti. Turubai hakuna. Muzee Faustin alikaa kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta, uso juu.

Saa tano Papa Kasereka akatokea. Akasimama penye kuingilia ua. Hakuingia, hakurudi. Alikohoa. Muzee akageuza kichwa.

"Kasereka?"

"Ndiyo, muzee."

"Élie alirudia?"

"Bado."

"Janvier pia bado." Muzee akapapasa mkeka pembeni yake. "Ikala."

Tuliacha kumenya mihogo. Papa Kasereka alisimama muda mrefu. Nikafikiri ataondoka, na kama angeondoka nisingemhukumu. Kisha akavua kofia, akaja, akakaa. Magoti yao yakagusana.

Hakuna aliyeomba msamaha. Papa Kasereka alilia, kifua kikipanda na kushuka, na Muzee akaweka mkono juu ya mgongo wake na kuuacha pale. Alilia sana. Nadhani alikuwa anamlilia Élie. Ni kilio cha Mama Gaudence, lakini nadhani ni Élie, kwa mara ya kwanza.

Baadaye akajifuta kwa kofia, akauliza: "Nani wamekwenda kuchimba?"

Hakuna.

Akatoka. Akarudi na Papa Zihindula na wanaume wengine wawili, wana sururu.

Jumapili, 28 Septemba

Tumemzika.

Udongo wa Goma ni mawe. Walianza jana mchana, wakaendelea leo tangu mapambazuko. Sururu inagonga, inaruka. Mikono ya Papa Kasereka imechubuka, ameifunga vitambaa. Padri alichelewa njiani kwa vizuizi, akafika wakati wa mwisho. Papa Kasereka aliongoza sala. Alipofika kwenye jina la marehemu alishindwa. Mama Riziki akalisema.

Mke wa Papa Kasereka hakuja. Jamaa tatu hazikuja. Nilikuwa nimehesabu kwa hasira, kisha nikakumbuka mimi ni nani wa kuhesabu.

Wakati wa kurudi Muzee aliweka mkono kwenye bega langu nimwongoze. Tulitembea nyuma ya wengine. Nikaona nisipolisema leo sitalisema tena.

"Muzee, ile Jumanne. Nilikuwa ndani."

"Najua," alisema. "Nilisikia kiti yako."

Hakuondoa mkono. Tulitembea hivyo mpaka nyumbani. Ningependa anitukane.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimefundisha. Sikumbuki nini.

Nilimpelekea Muzee majani ya sombe na bugali. Nikakuta Mama Riziki ameshaleta samaki wadogo wa sambaza. Tukala watatu. Alikula kidogo. Aliuliza kama mvua itanyesha. Mama Riziki alitoka nje akaangalia mawingu vizuri, kana kwamba jibu hilo ni kitu kikubwa, akarudi akamwambia kwamba leo hapana.

Jumanne, 30 Septemba

Binti yao Claudine amefika kutoka Uganda, kupitia mpaka wa Bunagana. Siku mbili njiani. Amekuta kaburi. Ameuliza mama aliugua siku ngapi. Nikamwambia kumi na moja. Akauliza nani alikuwa naye. Nikamwambia baba yako. Akaendelea kunitazama, akingojea majina mengine. Nikamwambia ukweli: siku tatu za mwisho, Mama Riziki na mimi. Kabla ya hapo, hakuna mutu.

Akaingia kufunga mizigo ya baba yake.

Atamchukua. Muzee hataki na anataka. Anasema huko hajui kuta.

Jumatano, 1 Oktoba

Shirika halijakutana leo. Papa Kasereka amesema tupumzike wiki moja. Alipita asubuhi kwa Muzee, mikono bado imefungwa, wakakaa uani. Sikusikia wanasema nini.

Niliomba ruhusa masomoni. Tulishuka ziwani kufua, Claudine, Mama Riziki na mimi. Vitenge vya Mama Gaudence, shuka, blanketi alilofia. Mama Riziki aliingia majini mpaka magotini na blanketi, maana likilowa ni zito. Claudine alisugua. Mimi nilisuuza na kukamua. Tulisema tu "nipe sabuni", "shika huku".

Tulianika juu ya mawe meusi, kitenge pembeni ya kitenge. Jua lilikuwa kidogo. Claudine akachoka, akaegemea bega la Mama Riziki bila kuuliza, na Mama Riziki akasogea ili aegemee vizuri.

Tukangojea vikauke.