Meza ya Mvule Uliyokataa Iguswe

Baba Salma,

Nina ujumbe wako. Lakini ngoja, usinikimbize. Wewe mwenyewe ulikuwa hupendi habari ikatwe kichwa. Nikirudi kazini ulitaka nianzie mlangoni: wazee ninaowatunza kule wamekula nini, nani kagombana na nani, basi limekwama wapi. Basi na leo niache nianzie mlangoni.

Nyumba ipo. Bomba la jikoni, lile la "nitalitengeneza kesho", limetengenezwa na fundi wa kuitwa. Nilimsimamia kwa hasira, maskini, kana kwamba kaja kukuibia kazi. Upande wako wa kitanda nimepanga nguo zilizopigwa pasi. Kabati ninalo, usiniulize. Silali vizuri pakiwa patupu, ndiyo hivyo.

Eda nimeikaa yote, alhamdulillahi. Kukaa eda hapa Queensbury, kwa Wazungu, kuna vituko vyake. Nilipoomba ruhusa kazini, meneja aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ndiyo. Sikumdanganya. Wanawake walikuja, wa Kenton hapa, na wengine kutoka Stratford na sufuria za pilau mapajani, treni nzima ikinusa. Walisoma, wakalia, wakaosha vyombo, wakaenda makwao. Nikabaki mimi na kuta. Mimi niliyezoea kuwainua watu vitandani tangu alfajiri, naambiwa nitulie! Nilikuwa nakwenda dirishani, narudi, nakwenda tena, na kila nikisimama pale ninachokiona ni gereji yako mwisho wa bustani.

Nikamuuliza Bi Rukia, maana ndiye aliyenishika mkono tangu siku ya maziko: gereji ni ndani au ni nje? Akatoka, akaiangalia, akaangalia ua, akarudi. "Iko ndani ya ukuta wako. Nenda. Ila usijitie manukato." Manukato! Kwenye gereji inayonuka gundi na viatu vyako vya kazi.

Basi nikaingia. Mashine yako ilikuwa vilevile: reli zake, mota yenye kisu ikining'inia juu, nyaya umezifunga kwa utepe mwekundu, na kompyuta kuukuu ya Salma ya kuiongoza. Fundi lifti mzima, mtu wa Mombasa, unayevaa makoti mawili mwezi wa tano, ukaamua kujenga mashine ya kuchonga skii, zile mbao za kutelezea thelujini! Kisa ni mtoto. Salma alipelekwa kwenye theluji na shule yao akarudi hasikii la mtu, akakua, akawa anafundisha watoto kuteleza kwenye ule mteremko wa theluji uliojengwa ndani ya jumba. Siku alipolalamika kwamba skii za kukodi zinamvuta upande, ukaweka kijiko chini ukasema, "Nitakuchongea mwenyewe." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Lakini nikaona kitu. Wewe unasema Kiswahili, yeye anakujibu Kizungu, miaka yote mnapitana hivyo, na sasa mna kitu kimoja mnachokiinamia pamoja.

Kazi yangu ilikuwa kitufe. Unakumbuka? Kiti changu pembeni, kikombe mkono mmoja, na wewe: "Mama Salma, kidole kwenye nyekundu!" Kisu kikienda kombo, nibonyeze kila kitu kizime. Nilibonyeza mara ngapi bure, kwa woga tu, ukaiwasha upya taratibu. Hata ile subira yako ilikuwa inaniudhi. Leo ningeilipia.

Na meza. Hiyo ndiyo iliyotukwamisha. Shule moja ilikuwa inafanyiwa ukarabati, wakatupa meza za maabara nje, ukanipigia simu unahema: "Mvule! Mvule wa kwetu, jamani, wameutupa!" Ukazileta kwa gari la kuazima. Ukakwangua chingamu chini yake, ukazipiga msasa, ukazipaka mafuta mpaka mtu anajiona uso. Ukaziunga zikawa meza ya mashine. Nzuri, sikatai. Lakini kila kiini cha skii, ile mbao yake ya katikati, kilichochongwa juu yake kilitoka upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba. Salma akakwambia dawa yake: kisu cha mashine kiipige randa meza yenyewe, kitoe ngozi nyembamba tu, ili meza na kisu vikubaliane. Ulishika kifua utadhani umeambiwa umnyoe mama yako. "Mvule huu haukatwi." Ukawa unasukumia vipande vya katoni chini ya mbao, Salma anakupigia kelele, nami naleta chai.

Kisha ile asubuhi ya Jumapili moyo wako ukasimama, na katoni zako bado ziko mezani.

Salma alipata kazi ya msimu wa baridi kule milimani, theluji ya kweli. Akasema haendi ila kwa skii zako. Akajaribu kuchonga, mbao ikatoka kombo. Akajaribu nyingine, kombo. Nikamwambia, mwanangu, si ulisema meza ipigwe randa? Weee! Yeye aliyekugombeza mwaka mzima juu ya meza hiyo, akailalia kwa mikono yote miwili. Akanijibu kwa Kizungu chake kwamba hiyo ni meza ya baba na hakuna atakayeigusa. Skii akaachana nazo. Safari pia. Akapanda chumbani kwake, akafunga mlango.

Nikabaki mimi na meza yako. Nikwambie kweli? Nilikukasirikia. Umekwenda, umetuachia meza laini na skii zilizopinda, na mtoto anayetaka kukaa nayo hapo mpaka azeeke. Nikakuuliza kwa sauti, "Ulikuwa unataka nini, meza au skii?" Pale ulipozoea kuweka kikombe palikuwa na duara la chai, hafifu. Nikalipitisha kidole. Nikalia kidogo, nikapiga kamasi, nikaenda chini ya ngazi nikamwita.

"Salma! Shuka uje uipe hiyo kompyuta amri zake. Meza ni ya mume wangu, na mimi nimesema ipigwe randa."

Alikuja macho mekundu. Nikakaa kwenye kiti changu, kidole kwenye nyekundu. Kisu kikashuka kwenye kona, kikaanza kwenda na kurudi, na mvule ukaruka kama unga. Nilikuwa natazama duara lile tu. Kisu kikalikaribia, baba Salma. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, ni kubonyeza tu. Sikubonyeza. Kisu kikapita, na duara halikuwepo tena.

Na harufu! Ile harufu kavu, ya kupiga chafya, ya mlango wa nyumba ya mama yako ukifunguliwa asubuhi. Ilikuwa imo ndani ya mbao miaka yote hiyo, chini ya mafuta yako. Bi Rukia alikuja baada ya Alasiri, akaninusa kanga, akang'aka, "Nilikukataza manukato!" Nikamwambia ni mvule. Akaivuta kanga puani tena, polepole, kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kulia, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Mbao ya kwanza iliyofuata, Salma aliipima huku, akaipima kule. Akaigeuza. Akapima tena. Kisha akaniangalia, midomo ikimcheza, na nikajua. Imetoka pande zote sawa. Akachonga na ya pili, akazibandika, akazikaza, akazipiga msasa wiki nzima, nami pembeni na kikombe changu.

Ameondoka na skii begani. Nyumba kubwa sasa. Nimerudi kazini, wazee wamenigombeza kwa kuchelewa. Katoni zako nimezihifadhi kwenye droo, na meza nitaipaka mafuta mwenyewe, kila Ijumaa nikitoka kukusomea Yasini. Haitakauka nikiwa hai. Mungu akuangazie kaburi lako, mume wangu, akulaze pahali pasipo baridi.

Sasa ule ujumbe. Jana simu ililia, picha hakuna, upepo mtupu. Nikadhani kaanguka. Nikaita, Salma, Salma. Halafu nikamsikia anahema, anacheka na kulia pamoja, na mtoto huyu, ambaye hajanijibu Kiswahili tangu aanze shule, akasema maneno manne tu, kwa Kiswahili.

"Mama, mwambie baba. Zimenyooka."

Basi nimekwambia.

Mama Salma