Droo za Mjomba Zedekiah

S.L.P. 1187,
Loresho, Nairobi.
11 Novemba 2006

Mpendwa Mjomba Zedekiah,

Hujambo huko Gaborone? Goti linaendeleaje, na lile joto lililokuwa likikunyima usingizi limepungua? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua haipumziki. Mama anakohoa kidogo, lakini ukimwambia alale anakuuliza kama umeshamwita kasisi wa kumzika.

Barua yako niliipata kitambo. Sitakuficha, niliisoma mara moja nikaikunja. Eti mkataba wako wa kufundisha ukiisha Desemba utabaki huko huko. Eti tangu tumzike mkeo, anti Kasyoki, huoni cha kukurudisha, kwa hivyo nitafute mnunuzi wa vifaa vyako vyote vya useremala. Nilikasirika, Mjomba. Wewe ndiye uliyenishikisha msumeno nikiwa na miaka tisa, leo unaniambia niuuze kama sufuria kuukuu!

Hata hivyo nilikutii. Ulisema nivitengenezee droo za chipbodi, vikae humo mpaka mnunuzi apatikane. Nikatengeneza tatu kwa zile bodi za chenga za mbao zenye uso mweupe, ninazotengenezea watu makabati ya jikoni kule Kilimani, nikaziweka kwenye gereji ya mama. Zilipendeza kweli. Nikapanga patasi, tupa na keekee yako ya mkono, nikajiona fundi.

Nilimsahau mama tu. Unajua kila Jumamosi anapiga deki hiyo gereji, anamwaga maji karai zima, kama alivyofanya siku zile ulipokuwa ukija kufanyia kazi hapa na kupiga chafya ukikuta vumbi. Ni miaka mitatu sasa hakuna fundi anayeingia humo ila mimi, na bado anapiga deki. Chipbodi ikanywa maji wiki baada ya wiki, ikavimba kimya kimya. Jumamosi iliyopita nikavuta droo ya chini, nikabaki na uso wake mkononi. Patasi zote zikamwagika sakafuni, na ile pana uipendayo ikapasuka mpini. Nisamehe. Nimeichongea mwingine, ingawa haujafikia ule wako.

Nilimgombeza mama, na ninaona aibu kukuandikia hivyo. Nikamuuliza kwa nini anapiga deki mahali ambapo wewe umekwisha kusema hurudi. Aliweka tambara chini, akanitazama, akasema:

"Zedekiah akija, akute vumbi?"

Nilichukua tambara nikamalizia ile deki mwenyewe.

Jumatatu nilishuka mjini, kwenye duka moja la bodi karibu na River Road, nikaomba vipande vya kila aina. Nilivitumbukiza kwenye ndoo ya maji kutwa kucha, kama ulivyonifundisha. Chipbodi iligeuka uji. MDF, ile bodi ya unga wa mbao ambayo mwenye duka aliisifu mno kwa vile ni laini, ilivimba kingo kama mkate wa maziwa, na skrubu ya pembeni iliipasua. Blokbodi, yenye vipande vya mbao katikati, ilijitahidi, ila ndani ilikuwa na mapengo ya kuingiza kidole. Plaiwudi ilibadilika rangi tu.

Basi nikarudi kuchagua plaiwudi. Nilihesabu matabaka ukingoni, nikagonga kwa kifundo cha kidole kutoka mwisho hadi mwisho nikisikiliza panapolia utupu, nikanusa kama ina ukungu. Mwenye duka alinicheka akauliza nanunua bodi au tikitimaji. Nilikataa tano, nikachukua ya sita, na nyingine nyembamba. Nene ni ya fremu, nyembamba kidogo ya pande, na sakafu za droo nimezichomeka kwenye mifereji badala ya kuzipigilia misumari kwa chini. Kabati la droo hizo nimelipandisha juu ya miguu ya chuma, mama amwage maji apendavyo.

Hizi si droo za kungojea mnunuzi, Mjomba. Mnunuzi sijamtafuta na sitamtafuta. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa hapa.

Mdogo wangu Mutiso anakusalimu, naye ameoa, mkewe anaitwa Anita na anataka kukuona. Mzee Kibe wa kanisani bado anauliza ni nani atamtengenezea kiti kisicholia. Mama anasema ule vizuri na usijifungie nyumbani. Nasi tunamlilia anti Kasyoki. Afadhali tumlilie pamoja.

Droo ya juu ina nafasi moja tupu, ya ile randa uliyoondoka nayo. Niliikata kwa kukumbuka tu, sina hakika na urefu. Usiitume kwa posta. Ilete mwenyewe, tuone kama inaingia.

Mungu akulinde njiani.

Mpwa wako akupendaye hata ukiwa mkaidi,
Mwelu