Klachi ya Mjomba Áslat

Guovdageaidnu, 9 Machi 1983

Mpwa wangu Risten,

Kabla ya salamu, jambo moja. Ukisikia habari za klachi yangu kwa mtu mwingine yeyote, ujue anaisimulia vibaya. Wa dukani wanasema nililia. Wa kanisani wanasema nilikuwa nimelewa. Waongo wote. Hawakuwepo, na hao waliokuwepo walicheka mno hata hawakuona vizuri.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, mbwa mzima, goti la kushoto ndilo bado linafikiria.

Ilikuwa hivi. Jumanne tunavusha kundi la kulungu wetu wa kufugwa ziwani, juu ya barafu. Mimi mbele, kama kawaida, maana skuta ya theluji ya kunishinda mbio haijatengenezwa bado. Katikati ya ziwa skuta yangu ikalia kama mbwa mwitu aliyebanwa mkia, moshi puu! kutoka kwenye boneti. Injini inanguruma, skuta haiendi. Mkanda wa klachi umeungua, wa tatu wiki hiyo. Kulungu mia nne wakagawanyika, wakanipita kulia na kushoto, na kila mmoja ananitazama.

Akaja Heaika, binamu yangu yule mwenye pua kama kiazi. Akaniambia mbele za watu: "Áslat, mwaka huu panda sleji, ukae na birika la kahawa."

Mimi, Risten! Kwenye sleji ya kuvutwa nyuma wanakaa watoto, masufuria, na wazee wasioulizwa tena kundi lipite wapi. Aliyepanda mara moja sijamwona akishuka. Kundi linaondoka kwenda pwani tarehe kumi na nne Aprili, na fundi wa hapa anasema ataifungua klachi yangu Mei. Mei!

Wewe unatengeneza mabasi. Nifundishe kwa barua niifungue mwenyewe. Shule nilikwepa, walipokuja kunitafuta nikajificha katikati ya kulungu, lakini mikono yangu ilisoma.

Na usidhani siitunzi. Kila Jumapili naipaka mafuta ya uboho, ndani na nje.

Mjomba wako,
Áslat


Tromsø, 14 Machi 1983

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo, kikohozi kimeisha, lakini barua yako nusura ikirudishe. Uboho?! Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Wenzangu wa gereji wakaniuliza nani amefariki.

Mjomba, mkanda unashika klachi kwa sababu pamekauka. Ukipaka mafuta unateleza, ukiteleza unaungua. Hiyo mikanda mitatu umeichoma wewe mwenyewe na uboho wako. Mifupa uitie kwenye supu.

Sasa sikia. Klachi ukishaitoa, usikimbilie kufungua kifuniko. Kwanza tia alama, kila kipande na mahali pake, maana imepimwa izunguke sawasawa na kila kitu kinarudi palepale kilipotoka. Bolti za kifuniko zilegeze kidogo kidogo kwa kuzunguka, ndani kuna springi imebanwa na haina adabu. Utakuta vyuma vitatu vya uzito na viroli vitatu, vigurudumu vidogo. Kiroli kilicholika upande, badilisha. Safisha kwa spiriti, kausha. Usipake kitu. Hata mate.

Ukimaliza usiiwashe boneti ikiwa wazi. Nakuomba.

Na Heaika mwambie nikija nitamvuta hiyo pua.

Mpwa wako,
Risten


Guovdageaidnu, 24 Machi 1983

Mpwa wangu,

Uko salama? Mimi niko salama, na hilo ndilo la kushangaza.

Kuitoa nilitoa kama jino la maziwa. Nilijaza theluji mbichi kwenye tundu la katikati, nikaingiza bolti ndefu, nikakaza, pop! Fundi wa hapa hajui hilo, nami simwambii. Nikaifungulia mezani jikoni. Springi ilinirukia, nikaidaka hewani. Uboho ulikuwa umeganda humo kama mshumaa. Nikasafisha mpaka nikajiona sura, nikajipenda.

Alama nilitia, kama ulivyosema. Kila kipande nilichonga kwa kisu, vizuri kabisa.

Nikaifunga, nikaiwasha nje ya kibanda cha nyama. Boneti ilikuwa wazi, ndiyo, usipige kelele, ningeonaje kazi yangu? Ikaanza kutetemeka. Nikasema inasikia baridi. Nikaongeza moto.

Risten, nimeona dubu, nimeona barafu ikifunguka chini ya miguu yangu, lakini hii sikuwahi. Ilipasuka kama bunduki. Kipande kimoja kilitoboa ukuta wa kibanda kikajichomeka kwenye paja la kulungu lililoning'inia, mpaka leo sijaweza kukichomoa. Kingine kilipita katikati ya mkono na mbavu zangu, koti limetoboka mbele na nyuma. Mbwa amekwenda kuishi kwa jirani. Nilikaa kwenye theluji nikahesabu vidole, nikahesabu tena, maana mara ya kwanza nilipata kumi na moja.

Nimekosea wapi? Nilitia alama yangu, ile ninayokata kwenye masikio ya ndama wangu, mkato wa uma upande wa kushoto. Kila chuma, kila kiroli, kifuniko pia.

Mjomba wako,
Áslat


Tromsø, 28 Machi 1983

Mjomba,

Shikamoo.

Alama ya masikio! Inasema kitu ni cha nani, Mjomba! Haisemi kinakaa wapi! Umechonga alama moja kwenye vyuma vyote, ungejuaje kipi ni kipi, na kifuniko kilikaa upande gani? Nani angekuibia kiroli jikoni kwako?

Nimecheka, halafu nimefikiria lile koti, nikaacha kucheka. Kweli. Mama alishazika kaka zake wawili, umebaki wewe.

Basi, Mjomba. Inatosha. Mwaka huu panda sleji. Si aibu.

Mpwa wako,
Risten


Tromsø, 21 Aprili 1983

Mjomba, shikamoo.

Hii ni barua ya pili naandika, hujajibu. Nimepiga simu dukani, wamesema kundi lilishaondoka, lakini kila mtu ananisimulia vingine. Mmoja kasema uko kwenye sleji, mwingine kasema umebaki nyumbani. Niambie tu kama u mzima.

Risten


Pwani, 5 Mei 1983

Mpwa wangu Risten,

U mzima? Mimi mzima, na ndama wameanza kuzaliwa. Barua zako zote nimepata. Si posta iliyochelewa.

Wiki moja baada ya mlipuko aliingia Heaika bila kubisha. Akaweka kitambaa mezani, ndani klachi ya skuta yake iliyokufa. Akasema, "Nikikuona unachonga masikio, narudi nayo." Akanywa kahawa yangu yote, akala na jibini tunalotumbukiza humo, akaenda zake.

Niliifungua mara nne. Mara nne! Nilitia nukta: chuma cha kwanza nukta moja, cha pili mbili, cha tatu tatu, na mahali pake vilevile, na mstari mmoja kutoka kifuniko mpaka chini. Kiroli kimoja kilikuwa kimelika, nikaweka badala yake kimoja kilichosalimika kutoka mabaki ya klachi yangu. Nikafunga boneti, nikafunga kamba kwenye mkono wa kuongeza mafuta, nikajificha nyuma ya mti, nikavuta. Ikaimba, Risten. Haikutetemeka hata kidogo.

Tarehe kumi na nne nikaondoka mbele ya kundi. Siku ya tatu, mlimani, upepo unakata, klachi ya skuta aliyopanda Heaika mwenyewe ikaanza kulia. Nikaifungua palepale juu ya ngozi ya kulungu. Wanaume sita wamesimama midomo wazi, theluji inaingia, hakuna anayefunga. Heaika akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikasema, mwanamke wa mabasi. Akasema, "Basi mwulize na kundi lipite wapi." Nikamwambia lipite kushoto. Likapita kushoto.

Hayo yote ni kweli tupu, na koti lenye matundu ninalo. Jambo moja tu nilibuni. Siku ile ziwani Heaika hakusema habari ya sleji. Aliniuliza kama nimeumia, akanivuta mpaka nchi kavu. Yale ya sleji na birika nilijiambia mwenyewe, nikayatia mdomoni mwake.

Aliyeniambia kweli nipande sleji ni wewe peke yako. Ndiyo maana sikujibu.

Mjomba wako,
Áslat