Alama Nilizopata Barazani

Kikwajuni, Unguja
Machi 2007

Kwa dada yangu Thuwaiba, huko Maskati,

Shikamoo, dada. Shemeji na wanao hawajambo? Na yale magoti yako, bado yanapiga kelele ukipanda ngazi? Sisi huku tunakula, tunacheka, na mimi nduguyo bado ndiye mwanamme mzuri kuliko wote kutoka hapa mpaka Chukwani, na hapo nimejipunguzia. Mama naye mwili wake mzima. Akili yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa hivyo kaa kitako kwanza.

Unamjua Mama alivyokuwa. Mtaani petu haikubaliwi posa mpaka Bi Rawiya aulizwe nani kamnyonyesha nani. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba fulani alipougua, mtoto wake alinyonyeshwa na jirani, na kwa hivyo watoto wale ni ndugu, hawaoani. Hata masheikh walikuwa wakimtuma mtu kwake. Mimi nikitamba bandari zote kwamba mama yangu ana kichwa kushinda ofisi nzima.

Basi mwezi uliopita akaposwa Ibtisam, yule binti wa marehemu jirani yetu Sichana. Mposaji ni Khalil, kijana wa Nungwi, ambaye wazee wake zamani walikaa hapa mtaani. Mama akaulizwa kama ada. Akasema hapana, hawa wawili wamenyonya ziwa moja, la Sichana. Posa ikasimama hapo hapo. Mama wa Khalil aliapa kuwa mwanawe hajanyonya kwa mtu ila yeye, lakini nani atamsikiliza mbele ya neno la Bi Rawiya? Ibtisam alilia mpaka macho yakafura.

Khalil ana dada yake, Mwatima, daktari, anafanya kazi Dar es Salaam. Akaja mwenyewe kwa adabu zote, akakaa mkekani miguuni kwa Mama, akamuuliza upya. Mama akajibu vile vile. Mara akapita dirishani Sheikh Gharib na mkewe. Mama akamvuta Mwatima sikio, akamnong'oneza kwamba na wale pia wamenyonya ziwa moja, waachanishwe upesi kabla hawajazaa. Dada, Sheikh Gharib ana wajukuu wa kuoa! Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mwatima hakucheka. Akamuuliza Mama huyu anayecheka ni nani. Mama akanitazama vizuri, kwa heshima kabisa, akasema ni mtu wa meli, kaja kuuza redio.

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Posa ya Ibtisam ikafufuka siku ile ile, na harusi ishapita, nimecheza mpaka kofia ikaanguka. Lakini Mwatima hakuondoka na jibu lake tu. Alinikalisha, akaniuliza, si habari za Mama wa leo, bali Mama alipokuwa na miaka khamsini. Ebo! Hapo nikapata pa kujisifia. Nikamwambia Mama alikuwa mnene wa kupendeza, akiingia chumba kinajaa. Hakubeba hata kata ya maji, hakwenda kwa miguu hata nyumba ya pili, kila kitu aliletewa, na chakula chake samli na halua. Tena jioni kichwa kikimgonga tukimfunga leso, tukafukiza ubani, tukasema mashetani wake wanataka kuchezewa ngoma. Mwatima akasema taratibu kwamba pengine hao mashetani walikuwa presha, na hakuna aliyewahi kuipima.

Kisha akanieleza jambo, dada, ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Anasema katika nchi za baridi wataalamu waliwapima watu wa makamo, wazima, wanacheka, wanakwenda kazini. Wakawapima presha, unene, mafuta ya damu, wakawauliza wanatembea kiasi gani na wamesoma skuli miaka mingapi. Wakawangoja mpaka wakazeeka. Wakaona kwamba mambo yale yale ya makamoni yanaweza kudokeza nani yuko karibu zaidi na kusahau uzeeni. Yaani maradhi yanaweza kuja kutandika mkeka wao kichwani mwako miaka ishirini kabla hujamsahau mwanao!

Mimi nimefanya kazi kwenye mashine za meli za Wagiriki. Nimeona theluji Hamburg, nimeona nyangumi akipumua karibu na Durban. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Mle chini mashineni tulikuwa na saa ya kuonyesha nguvu ya mvuke. Ikipanda, bomba halipasuki leo, linakonda kidogo kidogo, na siku ya kupasuka kila mtu anauliza imekuwaje. Kumbe na sisi binaadamu tuna saa hiyo, Subhanallah, ila hatuiangalii.

Unanijua, siwezi kukaa na habari peke yangu. Nikamshika Mwatima atupime wanaume wote wa baraza yetu ya kahawa. Tukatolewa damu, tukapandishwa mizani, Haroub kinyozi akavua mpaka viatu na saa ili apungue. Majibu yalipokuja, Mwatima akasoma alama za kila mtu, na aliyepata nyingi kuliko wote alikuwa nani? Badar, nduguyo! Dada, nilisimama juu ya baraza. Nikamwambia Haroub akae mkia wa darasa alipozoea. Nikaagiza kahawa na kashata kwa wote. Mwatima akaningoja nimalize, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba katika mtihani ule, alama ni za hatari.

Ndilo lililonifanya nikuandikie. Presha yangu iko juu, mafuta yako juu, tumbo unalijua. Na skuli niliyoitoroka dirishani, nayo imeniongezea alama! Mwatima ameniapia kwamba hii si hukumu. Wengi wenye alama zangu wanakufa na akili zao timamu, na presha inashuka kwa dawa na kwa miguu. Lakini niliogopa, dada, mimi ambaye dhoruba ya bahari ya Biskei, kule Ulaya, sikuiogopa. Kila nikimtazama Mama namwona Badar.

Sasa namshika Mama mkono kila asubuhi tunatembea mpaka Mnazi Mmoja na kurudi. Vidonge nnameza. Halua naiangalia kwa mbali kama mke wa mtu.

Na wewe, dada, umenipita mwaka mmoja tu, na kutembea hutembei. Nenda kapimwe, kisha uniletee alama zako. Maisha yote umenishinda darasani nikapigwa kwa ajili yako. Mara hii nakuomba kwa machozi, niache niwe wa kwanza.

Ibtisam na Khalil wanakusalimu, na baraza nzima. Nilipomwambia Mama kuwa namwandikia Thuwaiba, aliniuliza Thuwaiba kanyonya kwa nani. Nikamwambia, kwako, Mama. Na mimi je? Kwako pia. Akafikiri sana, akanishika kidevu, akasema basi nyinyi ni ndugu.

Ndilo neno lake la kwanza lililo sawa tangu mwaka huu uingie.

Ni mimi nduguyo wa ziwa moja,
Badar