Mama Mkwe Anakwangua Damu Kabla ya Chanjo

Shangazi, shikamoo. Nisaidie upesi maana nyumbani kwetu kuna mtu anayumba na mimi nimefungwa mdomo. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mama mkwe wangu ambaye kwangu ni mama kwelikweli, tangu niolewe hajawahi kunikaripia, na maisha yake yote alikuwa fundi rangi, akipanda ngazi na kupaka majumba ya watu bega kwa bega na wanaume mpaka presha ilipomshusha chini, na tangu hapo humeza vidonge vyake kila asubuhi bila kukosa. Sasa kliniki ya mtaani imetangaza chanjo ya mafua makali, wazee kwanza, na mama amefurahi sana kwa sababu mwaka jana mafua yalimlaza hospitali tukadhani ndiyo basi tena, lakini juzi nafagia chumbani kwake nikakuta vidonge vya presha vimetupwa ndani ya kopo la rangi chini ya kitanda, na nilipomuuliza alinijibu bila hata kupepesa macho, "Mwanangu, wewe umeona wapi fundi anapaka rangi mpya juu ya rangi ya zamani? Ukuta unakwanguliwa kwanza. Nataka chanjo ikute damu safi."

Nikamwambia, "Lakini mama, daktari alisema dawa usiache," akanicheka, akasema nishughulike na sindano za cherehani, hiyo nyingine nimwachie mwenyewe. Toka hapo akienda jikoni anashika ukuta, kichwa kinamuuma, jana alikaa chini ghafla na sufuria ikamtoka mkononi, na bado anasema ni damu inajisafisha. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safarini, nilitaka kumpigia lakini mama akaninyang'anya simu, akasema, "Ukimwambia mwanangu, huko kwenye chanjo siendi, na mimi na wewe basi." Shangazi, nikisema atakosa chanjo, nikinyamaza naogopa nitamkuta sakafuni. Tena na mimi nimechanganyikiwa, maana kazini tunachanjwa wiki hiyohiyo na msimamizi ametugawia vidonge vya maumivu tumeze kabla, eti mkono usije ukauma tukashindwa kushona. Nampenda huyu mama. Nifanyeje?

Mkwe wa Fundi Rangi


Mkwe wa Fundi, marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, na wewe usikae. Mtu wa presha ameacha dawa, amekaa chini ghafla mpaka sufuria ikamtoka mkononi, halafu unaandikia gazeti? Pole, najua umebanwa, lakini hapo ulipaswa kuvaa viatu, si kushika kalamu.

Kama bado hamjaenda kliniki, nendeni leo, msisubiri siku ya chanjo. Beba vidonge vyote pamoja na pakiti zake, apimwe presha, na nesi aambiwe ukweli kwamba dawa iliachwa. Asimeze vingi kwa mkupuo ili kufidia alivyoruka. Waliompima ndio watakaomwambia aanzeje. Na ukiona mdomo umekwenda upande, ulimi mzito, mkono hauinuki au kifua kinambana, hiyo si kliniki tena, ni hospitali, na ni saa hiyohiyo.

Chanjo haihitaji damu iliyokwanguliwa. Dawa za presha haziizuii kufanya kazi, na anayezitumia aendelee nazo kabla, siku yenyewe na baada yake. Wenye dawa za kuzuia damu kuganda nao wasiziache kienyeji, ila wamwambie nesi kabla ya sindano ili wakandamize vizuri pale palipochomwa. Dawa nyingine yoyote ya kila siku, itaje kwa nesi kabla hujakunja mkono wa nguo.

Na wewe, hivyo vya msimamizi virudishe mfukoni. Usimeze dawa ya maumivu mapema kwa kuogopa maumivu ambayo hata hayajafika, kwani huenda ikaupunguzia mwili nguvu ya kuipokea chanjo. Ukishachanjwa, mkono ukiuma sana au homa ikapanda, hapo meza kama ulivyoelekezwa. Mama yeye aulize kwanza ni ipi, maana ziko dawa za maumivu zinazopandisha presha. Msimamizi wako ni hodari wa kupanga mafundi, lakini mwambie duka la dawa hajafungua bado.

Kuhusu mume wako, mwambie. Siri inayoweza kumlaza mama yake chini si ya kumfichia. Mama atanuna. Anune akiwa hai. Sasa mpe yeye gazeti, hapa chini ni pake.

Fundi, shikamoo. Mimi nakuheshimu, na kazi yako naijua kwa macho tu, kwa hiyo nakuuliza wewe mwenye ujuzi. Hiyo dawa ya presha umeiita rangi ya zamani. Mimi nasema ni ngazi uliyosimama juu yake. Siku zote ulizopaka majumba ya watu, ulishawahi kuipiga teke ngazi ukiwa juu, eti ukuta uwe safi? Mkweo ameishika kwa mikono miwili na hatoki. Mambo ya kumnyamazisha yaache, mpe mkono, mwende kliniki.